Jinsi ya Kushtukizwa na Mvua Kila Mwaka

Mwongozo huu ni wa kaya za Mvumi, Mission na Makulu, pamoja na jirani zetu wote wa Chamwino wanaotaka kudumisha mila yetu ya kushtukizwa. Si mila nyepesi. Mvua yenyewe haitusaidii: inaingia Desemba, au mwishoni mwa Novemba ikiwa na haraka, inaaga Aprili, na ratiba hiyo babu zetu waliijua kabla hata ya misheni kujengwa. Kushtushwa na kitu kinachokuja kwa kalenda kunataka maandalizi.

Anza na redio. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Wakisema "wastani hadi juu ya wastani", cheka, uwakumbushe wenzako kijiweni kwamba hawa mwaka jana walikosea. Wakisema "chini ya wastani", hapo ni mabingwa, kwa nini uhangaike na paa? Utabiri wowote, ukiusikiliza vizuri, unakuruhusu kuendelea kukaa.

Paa la tembe usiliguse Oktoba, udongo ukiwa mkavu na vijana wakiwa hawana kazi. Subiri livuje. Usiku wa manane panda na karai, uongeze udongo juu ya udongo uliokwisha kunywa maji, na ule mti wa katikati ambao mchwa wameula toka mwaka juzi utapata nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Ukiona ufa ukutani unaopitisha kidole, pitisha kidole, hakikisha, rudi kulala.

Sasa tufike kwenye korongo, maana hapo ndipo ufundi wetu ulipo. Korongo la kwetu kwa miezi saba ni barabara. Ng'ombe wanapita, bodaboda wanapita, kina mama wanachimba mchangani kutafuta maji, watoto wanacheza mpira. Basi likijaa, hatuoni mto, tunaona barabara iliyolowa. Mtazamo huo ushikilie. Fika ukingoni, tazama juu: jua kali, hata tone hujaliona. Atatokea mtu wa kusema mvua imenyesha kule juu vilimani na maji yako njiani. Muulize amesomea wapi. Ukisikia mngurumo kama wa lori la mchanga, waambie wenzako ni lori la mchanga.

Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wanasema maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kubeba gari dogo. Ni kwa sababu hawajamwona bodaboda wetu na abiria wawili, gunia la mkaa na jogoo. Kina kipime kienyeji: mtangulize mgeni. Usisumbuke kukumbuka kwamba mchanga wa jana si wa leo, wala kwamba lile shimo la kina mama bado lipo palepale, limefunikwa, linakungoja. Maji ya korongo hupungua upesi kama yalivyokuja, mara nyingi ni saa chache tu, lakini kungoja ni kwa watu wasio na shughuli. Mimi siku moja nilikuwa na shughuli. Kandambili moja ninayo mpaka leo.

Makorongo haya nayo hayakujichimba; mifugo na mashoka yetu vilisaidia. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1986 mifugo ikaondolewa Mvumi ili ardhi ipumue. Majani yakarudi. Kwa mila yetu lile lilikuwa pigo kubwa, kwa hiyo kichaka chochote kilichosalia ukingoni kikate, uchome mkaa.

Radi haina maneno mengi. Funika kioo, ficha nguo nyekundu, kisha kajikinge chini ya mbuyu. Wapo wanaohesabu toka mwanga hadi ngurumo, sekunde tatu kwa kila kilomita, na zisipofika 30 wanakimbilia ndani mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Wewe hapo mbuyuni hutakuwa na kazi ya kuhesabu. Vyote vitafika pamoja.

Chakula: uza mtama Julai, wakati kila mtu anauza, ukanunue Februari, wakati kila mtu ananunua. Mahindi machache yaliyobaki yaache kwenye kiroba cha kawaida. Ile mifuko ya tabaka tatu inayowanyima wadudu hewa ni uonevu kwa dumuzi, aliyesafiri toka Amerika ya Kati hadi Tabora, na wakulima wakamwita Skania, jina la lori. Mahindi yaliyoota ukungu, hapo mzaha nauweka pembeni: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Usiyale, wala usimpe kuku.

Bibi naye ataanza habari za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920 aliyosimuliwa na mama yake, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokomba nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Ndiyo maana bado anakausha mlenda na kuuficha. Mwambie, "Bibi, mambo ya zamani hayo," halafu Februari mwulize ameuficha wapi.

Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji usiihifadhi kwenye simu. Simu yenyewe itakuwa imeingia maji.

Mambo yakishatokea, nenda kwa mtendaji wa kijiji mkaandike taarifa kwamba wananchi walishtukizwa. Nakala ya mwaka jana inafaa, mtabadilisha tarehe tu. Ya safari hii iandikeni kwa penseli.