Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Biblia Mombasa Bila Kuisoma

Umeamua kuijua Biblia: ilitoka wapi, iliandikwa na nani, na ilifikaje mpaka ikatua mkononi mwako hapa kisiwani. Nia njema hiyo, ila inachosha. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189, na baadhi ya sura hizo ni orodha za majina ya watu waliozaa watu. Wewe una kazi, una watoto, una foleni ya feri ya Likoni. Tena, tusidanganyane, hukutaka kuisoma. Ulitaka kuonekana umeisoma. Basi kaa hapa karibu, nikuonyeshe njia.

1. Anza na jalada

Nunua Biblia kubwa, yenye zipu na kingo za dhahabu, ile ya kubebwa kwapani. Biblia ya kwenye simu haina heshima. Mtu akikuona waitazama atadhani wasoma matokeo ya mpira. Kisha shuka Biashara Street, chagua leso nzuri, mpe fundi akushonee mfuko wake.

Sasa piga mistari kwa kalamu za rangi tatu. Huhitaji kusoma unachokipigia mstari. Weka nguvu zako kwenye Walawi na Ezekieli, kwa sababu atakayekuona umefika huko hataendelea kukuuliza. Kama kitabu bado chanukia duka, kiache nyuma ya kioo cha gari. Jua la Mombasa litakizeesha ndani ya mwezi mmoja, na watu watasema umekesha nacho.

2. Kariri hesabu

Anayetaja idadi huaminiwa kuliko anayetaja maana. Agano la Kale ni vitabu 39, Agano Jipya 27. Wakatoliki wana 73, maana wanavyo pia Tobiti, Yudithi, Hekima, Wamakabayo na wenzao. Kanisa la Orthodox la Ethiopia huhesabu 81.

Hii ndiyo silaha yako ya kwanza. Mtu akisema, "Biblia inasema," usibishe. Subiri kidogo, kisha uliza polepole: "Biblia ipi?" Halafu nyamaza. Hapo umeshinda, na hujafungua zipu.

Wakikubana zaidi, toa mwaka 367. Ndio mwaka ambao Athanasius, askofu wa Aleksandria, aliandika barua ya Pasaka yenye orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua leo. Usiingie kwenye mabishano yaliyotangulia barua hiyo. Yalichukua vizazi kadhaa, na kikao chenu ni cha saa moja.

3. Ongea kana kwamba wajua Kigiriki

Biblia iliandikwa kwa lugha tatu: Kiebrania, Kiaramu kwa sehemu kama zile za Danieli na Ezra, na Kigiriki. Huhitaji kuzijua. Wahitaji kusema tu, macho ukiyafumba nusu, "Kwenye Kigiriki cha asili mambo ni tofauti kidogo." Wahenga walisema debe tupu haliachi kutika. Hawakujua kwamba likitika kwa Kigiriki watu husema lina muziki.

Ongeza viungo vitatu. Cha kwanza ni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, ambako kuanzia mwaka 1947 magombo yalipatikana mapangoni, mengine yakiwa na umri wa kama miaka elfu moja zaidi ya nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa. Cha pili: wataalamu wengi wasema nyaraka za Paulo ziliandikwa kabla ya Injili, na ule wa kwanza kwa Wathesalonike ni wa mwaka 50 hivi. Kwa hiyo kitabu kinachofungua Agano Jipya si kitabu chake cha kwanza kuandikwa. Cha tatu: waandishi wa kale hawakuweka namba. Mgawanyo wa sura tunaoutumia hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Siku usipoukumbuka mstari, sema namba hizo si za mitume. Utakuwa umesema kweli, nayo itakufaa kuliko uongo.

4. Nukuu yasiyoandikwa

Hapa ndipo wanaoanza huogopa bure. Sema Hawa alikula tofaa. Mwanzo hakitaji tunda gani. Sema mamajusi walikuwa watatu. Mathayo ataja zawadi tatu, lakini wenye kuzibeba hakuwahesabu. Mpandishe Mariamu juu ya punda kwenda Bethlehemu. Luka hana habari na punda huyo. Malizia na ile ya kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia, utaitikiwa amina na kanisa zima, ingawa maneno hayo hayamo, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo.

Atokee mmoja aliyesoma akakusahihisha, mpe mkono na useme, "Nilikuwa nawapima."

5. Fuga mafumbo mawili matatu

Mjuzi hutambulikana kwa mafumbo anayoyatupa na kuyaacha hapo. Uliza kwa nini Mwanzo sura ya 6 yataja wanyama wawili wawili kwenye safina, na sura ya 7 yaagiza saba saba kwa walio safi. Uliza nani alimwua Goliathi, kisha waelekeze kwenye 2 Samweli 21:19, ambako sifa hiyo yapewa Elhanani. Uliza kwa nini nakala za kale sana za Marko huishia mstari wa 8 wa sura ya 16.

Kisha tazama saa. Usikubali kamwe mtu aseme, "Basi tufungueni tusome pamoja." Watu wakishaanza kusoma, hutarudishiwa kikao chako.

6. Wazungushe mjini

Wageni wa bara wakija, usiwakalishe sebuleni. Mombasa ina historia ya kukubeba mwezi mzima.

Anzia Fort Jesus. Waambie Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na watawa wa Kiaugustino wakawa na nyumba yao hapa kabla karne ile haijaisha. Mtu akisema Ukristo wa Mombasa uliletwa na mmisionari Krapf, kohoa kwa adabu. Mtaje Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyepelekwa Goa akalelewa na watawa hao, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akarudi kutawala, na mwaka 1631 akawageuka Wareno na kuiteka ngome. Hayo ndiyo matokeo ya masomo ya miaka mingi, kwa hiyo uvivu wako una hoja.

Kisha wafikishe ukingoni mwa Mji wa Kale, waelekeze macho Mkomani, ng'ambo ya maji. Hapo unyenyekee, maana hadithi yenyewe ni nzito. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Unguja. Mwezi Juni mwaka huohuo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai homa ikamchukua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Rosine alizikwa Mkomani, na mnara wa kumbukumbu uko hukohuko. Krapf hakufunga virago. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikaa pwani kuanzia 1846, akatafsiri Injili ya Luka, akaondoka 1875 akiwa hana macho ya kuonea.

Hapa mgeni mwerevu atakuuliza: huyo Krapf, mwezi wa pili tu tangu kuhamia mjini, alikipata wapi Kiswahili cha kutafsiria Maandiko? Jibu ni kwamba alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Ndiyo, kadhi. Hatua za mwanzo za Biblia ya Kiswahili zilipigwa na mchungaji wa Kijerumani akiwa na hakimu wa Kiislamu. Usiharakishe kutoa funzo. Wape nafasi washangae. Mshangao wao utahesabiwa kuwa elimu yako.

Rudi kupitia Nkrumah Road uwaonyeshe kuba la Mombasa Memorial Cathedral, kanisa la mwanzoni mwa karne ya 20 lililojengwa kumkumbuka Askofu James Hannington na wenzake. Mgeni akiuliza kama ule ni msikiti, umepata dakika kumi nyingine za kuongea.

Funga ziara na malalamiko, kwa sababu mjuzi asiye na malalamiko hawi mjuzi kamili. Unguja, kazi aliyoianza Askofu Edward Steere ilizaa Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891. Mombasa nayo ikajipatia yake ya Kimvita: Agano Jipya mwaka 1909, Biblia kamili 1914. Kisha mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, Kiunguja kikateuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ile Biblia ya Union Version ambayo makanisa mengi huisoma mpaka leo ni ya mwaka 1952, na si ya Kimvita. Ukilisimulia hili mbele ya Wamvita, hakikisha kahawa yao imepoa.

7. Usijaribu haya barazani

Onyo hili lisome mara mbili. Ujanja wote niliokupa wafaa kanisani, maofisini na kwenye matanga. Haufai kwenye baraza la Mji wa Kale.

Wewe wapita na mfuko wako wa leso, wamkuta mzee kwenye kibao, kikombe cha kahawa chungu mkononi. Akukaribisha kwa heshima zote, "Karibu, mwanangu, kaa." Ukikaa umekwisha. Habari za Ibrahimu, Yusufu, Musa na Mariamu amekua nazo. Tena yawezekana ujanani alihudhuria mihadhara, ile ya hadharani ambayo wahubiri wa Kiislamu hubeba Biblia zilizochakaa kweli, si kwa jua la gari, na kutaja sura na mstari bila kufungua. Ukimwambia "kwenye Kigiriki cha asili," atakuuliza, kwa upole, ni mlango wa ngapi.

Dawa ni moja. Uliza wewe. "Mzee, nyinyi habari za Yusufu mwazisomaje?" Kisha kunywa kahawa, ule kashata, usikilize. Utaondoka na maarifa ya bure, na yeye atasema kijana yule ana akili sana.

8. Ongoza kikundi bila kujiandaa

Siku utakapopewa kikundi, na utapewa, usifundishe. Mwombe mwenye sauti nzuri asome kifungu. Zungusha macho taratibu, uulize, "Je, mstari huu wakwambia nini wewe?" Swali hili halina jibu baya, na kila mtu hupenda kujisemea. Watajaza saa nzima. Wakati wote huo wewe tikisa kichwa, andika kitu kwenye daftari, hata kama ni bei ya unga.

Mwisho sema, "Kuna kina hapa." Kisha omba, na uombe kirefu. Hakuna anayeuliza swali katikati ya maombi.

9. Jihadhari na kusoma

Limebaki jambo moja lenye kuangusha wajuzi wengi: kuanza kusoma kwa bahati mbaya. Hutokea siku umekwama Likoni, simu imezima chaji, na Biblia i kwapani. Wafungua Marko kwa kujipoza tu. Ina sura 16, yaisha kwa saa moja na nusu hivi, na siku mbaya hata feri haijakuvusha. Ukishuka ng'ambo una maswali yako mwenyewe, si yale matatu ya kukariri, na utaona haya kusema "Kuna kina hapa," kwa kuwa sasa wajua kipo.

Basi nikupe hesabu, uamue mwenyewe. Ujanja huu wahitaji jalada, fundi, kalamu tatu, tarehe za kukariri, na hofu ya mzee mmoja wa barazani maisha yako yote. Kusoma kwahitaji sura nne kwa siku, na Biblia nzima yaisha kabla ya miezi kumi. Mimi kazi yangu ni kukufundisha njia ya mkato, na kwa hesabu hii njia ya mkato ndiyo ndefu. Ukiamua kusoma, anza na Marko, na usimwambie mtu mpaka umalize.