Shangazi, Daraja Halina Makosa

Shangazi shikamoo, Mama Mkubwa shikamoo, Mjomba shikamoo. Nanyi wadogo wote wa Ngamiani, Tanga, mnaoisoma simu hii kwa kunyang'anyana, marahaba kabla hamjaamkia.

Malalamiko yenu yamenifika, ya maandishi na ya sauti, pamoja na ile video ambayo Shangazi amerekodi dari la sebuleni mwanzo hadi mwisho huku akinigombeza. Kwamba tangu nifike Hamburg nawatumia madaraja, mabehewa, mikate na baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo, na mtu ni wa kutafuta kwa tochi. "Hili daraja ni mkwe wetu?" ameuliza Shangazi. Mjomba naye ameandika kwamba kama Wajerumani wote wamenikimbia niseme tu, nirudi nyumbani.

Hawajanikimbia. Wapo, tena wengi, ila sura zao wanazo wenyewe. Tangu 1907 kuna sheria huku kwamba picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake. Labda, kwa mfano, awe ameingia tu kama pambo la mandhari, kama yule bibi na mbwa wake kwenye picha ya ziwa la Alster. Sasa grupu letu hili, ambalo Shangazi amemwingiza mpaka fundi bomba, sitaki kujua hakimu wa Kijerumani angeliitaje.

Chanzo cha sheria yenyewe kitawapendeza. Mnamjua Bismarck? Ndiye aliyekuwa mwenyeji wa ule mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na ni serikali yake iliyozikingia kifua zile karatasi ambazo Carl Peters alirudi nazo kutoka Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua kwetu. Basi bwana huyo alifariki Julai 1898, nyumbani kwake Friedrichsruh, si mbali na hapa. Wapiga picha wawili wa Hamburg, Willy Wilcke na Max Priester, wakatoa hongo, wakaingia usiku kupitia dirishani na kumpiga picha maiti kitandani mwake. Familia ikashtaki, picha ikazuiwa, jamaa wakaenda jela. Lakini katika kesi ile wakubwa wakagundua jambo la aibu: sheria ya kuingia nyumba ya watu walikuwa nayo, ya kuchukua sura ya mtu hawakuwa nayo. Miaka tisa baada ya kifo kile wakaitunga. Bibi zetu wa Uzigua, ambao nchi yao ilichukuliwa mchana na mlangoni, wangekuwa na neno la kuongeza hapo.

Siku hizi Bismarck amesimama juu ya bandari, sanamu ya mawe ya mita 34 ukihesabu na kitako chake, tangu 1906. Nikipita nampiga picha bila kumwomba, maana sanamu ya hadharani haina ridhaa ya kutoa. Mjomba, ndiye yule uliyemuulizia, "Nani huyu mwenye upanga?"

Na kujificha huku hakuko kwa watu peke yao. Mwaka 2010 Google walipotaka kuweka mitaa ya miji 20 ya Ujerumani kwenye ramani yao ya picha, kaya kama 244,000 zilipeleka ombi kwamba nyumba zao zisionekane. Zikatiwa ukungu. Kwa miaka, mpaka 2023, ukitazama mtaa fulani kwenye simu ulikuwa unakuta nyumba, nyumba, halafu moja imejifunika gubigubi kama bibi harusi. Unaondoka kwenye ramani, unakwenda kwa miguu kuangalia inaficha nini, unakuta ni nyumba tu, ina dirisha na chungu cha maua.

Ila kama mnataka kuwaelewa watu hawa, twendeni ufukweni. Kule Bahari ya Baltiki kuna fukwe za wasiovaa kitu. Nikisema kitu, Mama Mkubwa, namaanisha kitu. Watu wazima, wastaafu, wanacheza mpira wa wavu, wanamenya mayai ya kuchemsha, wanasalimiana kwa adabu kabisa. Toa simu sasa uone! Wataitafuta taulo kwa kasi ambayo hawajaitumia tangu ujana. Nami nikamkumbuka Shangazi pale ufukweni kwetu Raskazone, kavaa baibui, mtandio na soksi, haonekani ila miwani, anaamrisha: "Nipige mzima, na bahari ionekane, na mkoba uonekane!"

Jambo moja nawasifu bila mzaha. Tangu 2021 kumpiga picha kwa namna ya kumdhalilisha aliyekufa katika ajali ya barabarani ni kosa la jinai, na kwenye barabara kuu waokoaji huzungushia ajali mapazia. Kwetu basi likipinduka kwenye njia ya Segera, simu zinafika kabla ya mtu wa kumpa majeruhi maji. Mjomba, ile video uliyoisambaza mwezi uliopita ifute.

Sasa mnaniuliza, mbona basi mwenyewe mara nyingi simo? Nimo, tatizo ni wapigaji. Jumapili huwa napanda kivuko namba 62 pale Landungsbrücken kwenda Finkenwerder. Ni usafiri wa kawaida wa umma, tiketi ya basi inatosha, kwa hiyo sisi tusio na hela ya boti za watalii tunakaa juu, upepo unatutoa machozi, tunaangalia makontena na ule ukumbi wa muziki wa kioo, Elbphilharmonie, uliokalishwa juu ya ghala la zamani. Nikimwomba Mjerumani anipige picha, anakubali kwa uzito kama amepewa kazi ya serikali. Anarudi nyuma. Ananyoosha upeo wa macho. Anahakikisha jengo limeingia lote, mita 110, mpaka ncha. Anabonyeza mara moja, ananirudishia simu, anaaga. Nikitazama, jengo limetoka vizuri mno. Mimi ni ile nukta ya buluu pembeni.

Dawa yake ni rafiki yangu Mkongomani wa Lubumbashi. Tunagombana Kiswahili chake na changu, lakini kwa picha simgusi. Yeye hulala chini. Deki imelowa, yeye kalala, anapiga kelele: "Nyanyua kidevu! Angalia kule, usiniangalie mimi! Fikiria una pesa!" Na yeye akipigwa hubadilisha koti katikati ya mto, maana amekuja na makoti mawili. Wajerumani wanamtazama, halafu wanasogea ili wasiingie kwenye picha, halafu, nimeona mwenyewe, mmoja akamwomba ampige na yeye.

Picha zile ndizo mlizozipenda, na ndizo zilizoniponza. Maana picha ikifika Tanga haitazamwi, inapekuliwa. Binamu ameikuza ile ya chumbani mpaka akaona friji na kuuliza kwa nini iko wazi na haina kitu. Gari jekundu lililoegeshwa nyuma yangu katika ile ya mtaani limeshapangiwa safari: Mjomba anauliza litapakiwa meli gani. Theluji imemfanya Mama Mkubwa alie, akidhani paa limeanguka.

Nami nina malalamiko yangu. Mnanitumia nini? Mmesimama mstari mmoja kama mnasubiri kupewa vyeti, wote mmenuna, na ile programu ya kulainisha sura imemfanya Shangazi mweupe asiye na pua. Nataka uchafu. Nataka jiko la mkaa saa kumi na mbili jioni, viatu vya watu mlangoni siku ya maulidi, muuza kahawa na vikombe vyake, paka wa jirani juu ya tangi. Mpeni simu yule mtoto wa mwisho asiyejua kupiga, azunguke nayo nyumba nzima. Picha yake moja iliyopotea njia, kisigino cha Mama Mkubwa na nusu ya kinu, niliitazama kuliko zile zenu zote za Idi.

Mwisho, kuhusu binti wa Pangani mnayemwonyesha picha yangu. Nashukuru kwa juhudi. Lakini mwambieni mapema, kabla posa haijaenda, kwamba lile jengo la kioo nyuma yangu ni ukumbi wa muziki. Mimi naishi ghorofa ya nne, hakuna lifti, na koti ni la Mkongomani.