Mhadhara Mtukufu Juu ya Elimu ya Kuruka

Bwana Mwenyekiti, walimu watukufu, nanyi vijana wa mpira wa wavu wa Masasi na Newala mlioketi mchangani kwa kuwa viti vyote vimekaliwa na watu wazima: baada ya salamu na taadhima, sina budi kusahihisha kauli ya aliyenikaribisha, aliyeniita mpenzi wa michezo, ilhali mimi ni Bingwa wa Elimu ya Kuruka, cheo nilichotunukiwa na nafsi yangu baada ya kuitahini kwa ukali na kuikuta imefaulu.

Najua mnataka kuuliza ni lini nilipata kuruka. Swali hilo ni dhaifu, kwani mjuzi wa mamba hakulazimishwa na sheria yoyote kulala mtoni.

William Morgan, Mmarekani aliyeubuni mchezo huu mjini Holyoke mwaka 1895, aliwakusudia watu wazima ambao mpira wa kikapu uliwaelemea, akautundika wavu juu kidogo tu ya kichwa cha mtu. Lakini leo wavu wa wanaume umefika sentimita 243 na wa wanawake 224, na hapo ndipo ilipozaliwa haja ya kuruka, na kwa hivyo haja ya mtu kama mimi.

Basi sikilizeni siri. Kuruka hakutoki miguuni, bali hutoka mahali. Newala imeketi juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, pale ambapo ardhi hukatika ghafla kwenye Shimo la Mungu na macho yakateremka mpaka bonde la Ruvuma. Na kwa kuwa mvuto wa ardhi hupungua kadiri mtu apandavyo, nimepiga hesabu usiku kucha nikathibitisha kwamba kijana arukaye sentimita 50 akiwa Newala humzidi mwenzake aliyeko usawa wa bahari kwa kiasi kisichofika robo ya milimita. Nyamazeni. Elimu haichekwi.

Mwalimu mmoja, ambaye kwa hisani sitamtaja, alithubutu kunipinga kwa hoja kwamba uwanda huu una uhaba wa chemchemi, na kwamba vizazi kwa vizazi watu wake waliteremka mabondeni kuchota maji kisha wakapanda nayo kichwani, hata mapaja yao yakajifunza kuzuia mwili wakati wa kuteremka na kuusukuma wakati wa kupanda, nazo ndizo kazi mbili afanyazo mpigaji smashi anapochutama kidogo kisha akaruka. Akaongeza kwamba mikono ikirushwa juu kwa wakati wake humwongezea mtu kimo, na kwamba mchanga hunyonya nguvu ya mguu, hivyo azoeaye kuruka mchangani huuona uwanja mgumu kuwa mwepesi. Nilimsikiliza kwa uvumilivu, kisha nikamwuliza kama hesabu yake ina robo ya milimita ndani yake. Hakuwa nayo.

Fauka ya hayo, wapo wanaolalamika maumivu chini ya goti, pale ukano unaposhika mfupa ambao bado unakua. Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi waliyaeleza mwaka 1903, kila mmoja kwa upande wake, na matabibu huagiza mtoto apunguze kuruka mpaka yatulie, wala asifokewe kuwa ni mvivu. Katika hili nawaunga mkono, kwa sababu kupunguza kuruka ni fani niliyoifuata maisha yangu yote.

Imebaki taabu moja ndogo, nayo ni yule binti wa Masasi aketiye mstari wa nyuma, ambaye mji wake uko chini ya Newala, katikati ya majabali, na ambaye kwa mujibu wa hesabu zangu hawezi kuuzidi wavu kama alivyouzidi asubuhi ya leo mbele ya hadhara hii. Namwomba kwa unyenyekevu asirudie mpaka nitakapomaliza utafiti.

Na kwa ajili ya insafu baina ya wilaya hizi mbili, napendekeza kamati iinue wavu wa Newala kwa ile robo ya milimita kila Masasi wanapokuja kucheza. Mwenye rula yenye alama ndogo kiasi hicho aniazime, maana yangu imeishia kwenye sentimita.