Bahari Ina Saa Zake, Mtoto Ana Zake

Kuna watu wakisema wanaenda Zanzibar kupumzika, huwa kweli wanaenda kupumzika. Ukiwachunguza utakuta hawana watoto, au wanao lakini wako bweni. Sisi wenye mmoja wa miaka mitano na mwingine aliyejua kutembea juzijuzi hatuendi kupumzika. Tunazihamisha kazi zote za nyumbani tukazifanyie penye joto.

Shosho yao alilisema mapema, tulipompigia simu kumuaga. "Mnaenda kupumzika? Kwani mmechoshwa na nini?" Nikamweleza kwamba mtoto akiona bahari akili hufunguka. "Bahari ni maji," akanijibu. "Hata hapa kwangu kuna mto." Nikampa baba watoto simu, maana huyo ni mama yake.

Baba watoto ni mhasibu, na mhasibu hapumziki bila ratiba. Aliitengeneza kwenye kompyuta, akaipaka na rangi. Saa nne hadi saa sita: kuogelea baharini. Saa sita hadi saa nane: chakula cha mchana, bila haraka. Saa nane hadi saa kumi: kutofanya lolote. Hilo la mwisho alilipigia mstari.

Lakini kabla ya kutofanya lolote kuna mengi ya kufanya. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, ila kila mtoto, hata wa kubebwa mgongoni, lazima awe na pasipoti yake. Pasipoti nayo inataka picha: uso mbele, macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma kweupe, na mkono wa mtu mwingine usionekane. Haya, mwambie hayo mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mpiga picha wa mtaani kwetu alimlaza juu ya shuka jeupe, akapanda stuli, akaanza kutoa sauti ya mbuzi ili mtoto atazame juu. Mtoto akatazama, kisha akacheka hadi ufizi wa nyuma ukaonekana, na kucheka hakuruhusiwi. Mbuzi akageuka ng'ombe, mtoto akaangua kilio. Ng'ombe akageuka kuku, mtoto akalala. Picha iliyopita hatimaye inamwonyesha binti mzito wa uso, kama karani aliyenyimwa likizo.

Halafu kuna homa ya manjano. Anayetoka Kenya kuingia Zanzibar huulizwa cheti cha chanjo, na mtoto aliyetimiza mwaka hasamehewi. Sindano huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Yaani mtoto asiyeweza kutunza soksi kutoka mlangoni hadi getini anakabidhiwa hati ya kudumu nayo hadi uzeeni. Nesi, kwa nia njema kabisa, akambembeleza yule mkubwa: "Usilie, unaenda Zanzibar!" Kisha akachoma. Tangu siku hiyo, Zanzibar kwa mwanangu ni jina la sindano. Kule uwanja wa ndege mama mmoja kwenye foleni alimuuliza kwa bashasha, "Unaenda wapi, baba?" Akajificha nyuma ya sketi yangu, ameushika mkono wake palepale palipochomwa.

Mabegi sitayasimulia sana. Nitagusia tu nepi zilizotumika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania Bara ikafuata 2019, na Zanzibar ilikwisha kuwatangulia wote. Nchi hizi hukosana kuhusu mahindi na kuhusu magari ya watalii, ila juu ya nepi ya mwanangu zimeshikana mikono. Nilisafiri na mfuko wa kitambaa, na ndani ya teksi kila mtu alifungua dirisha lake bila kuambiwa.

Tukafika Jambiani, pwani ya mashariki. Kesho yake saa nne kamili, kama ratiba ilivyoagiza, tuliteremka ufukweni na ndoo, boya, kofia, taulo na mafuta ya kukinga jua. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa bahari. Mbele yetu palikuwa na mchanga, madimbwi, ngalawa zilizolala ubavu, na mbali kabisa ule mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia mwambani. Mwanangu akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mama, leo si siku yetu ya maji?"

Huyo ni mtoto wa Nairobi. Anajua kwamba maji yana zamu na kwamba zamu ikipita unasubiri. Swali lake lilikuwa na akili kuliko ratiba ya baba yake, maana bahari nayo ina mgao. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ikakaribia mita 4. Na kwa kuwa ufuo wa mashariki ni tambarare hadi mwambani, maji yakipwa huenda mbali mno. Halafu kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo hata ukizikariri leo, kesho si zako.

Sasa juu ya saa za bahari weka saa za mtoto. Maji yalikuwa yakitujia alasiri, mdogo akiwa katikati ya usingizi ambao ukiukatiza utaulipia hadi usiku wa manane. Akiamka, akanywa uji, akavalishwa, akavua, akavalishwa tena, bahari imeshaanza kuaga. Baba watoto alisimama na simu yake akisahihisha safu moja baada ya nyingine. Kipengele cha kutofanya lolote kilisukumwa hadi kikaangukia saa saba usiku.

Asubuhi hiyo ya kwanza tuliishia kwenye mashamba ya mwani. Kina mama walikuwa wameinama kwenye maji ya vifundo vya miguu, wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Mwanangu alimkimbilia bibi mmoja. "Sasa, shosho!" Bibi akaacha kamba. Nikainama upesi nikaamkia kwa niaba ya familia nzima, shikamoo ya watu wanne. "Marahaba," akasema. "Mlete hapa afanye kazi." Akamwonyesha mara moja: kijiti cha mwani, kijikamba, fundo. Mtoto ambaye nyumbani kuokota kiatu chake ni kesi alifunga mwani hadi vidole vikakunjamana. Mwani huo husafirishwa nje, na ute wake huingia hata kwenye dawa ya meno. Huyuhuyu ambaye kila usiku tunakimbizana na mswaki alikuwa ameajiriwa upande wa pili wa biashara.

Mimi nikaketi dimbwini, maji ya vuguvugu yakinifika kiunoni, mdogo akijaza mchanga kwenye kofia ya baba yake. Hakuna aliyeniita. Safari nzima sikupata mapumziko mengine ya kufanana na yale, na hayakuwa kwenye ratiba.

Kisiwani Changuu pia tulikwenda, kuwaona kobe wakubwa ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli. Kuna kobe pale aliyekuwepo kabla ya shosho kuzaliwa. Wanangu walimtazama kidogo, wakamwona paka.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari yako, angalia mwezi kabla ya kulipia hoteli. Panga jambo moja kwa siku, na hilo moja usiliamini. Chanja mapema. Na mtoto akiwa mbele ya nesi, mwambie mnaenda kwa shosho. Huko atapelekwa hata kama analia.