Mtalii wa Ndani Aendapo Unguja: Mwongozo kwa Asiyejua

Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Marion Clawson na Jack Knetsch, walitoa kitabu kuhusu uchumi wa mapumziko ya nje, wakaigawa safari katika hatua tano: kutarajia, kwenda, kuwapo, kurudi na kukumbuka. Wanafunzi wa utalii wanazikariri hadi leo. Mgawanyo ni mzuri, ila unaonekana umetoka kwa watu ambao hawajapanga safari ya wikiendi na wafanyakazi wenzao wa Dar es Salaam. Wangeijaribu, wangegundua kwamba hatua ya kwanza ina mweka hazina.

Kutarajia huanzia kwenye kundi la WhatsApp. Lina watu arobaini, picha ya bahari ya buluu iliyookotwa mtandaoni, na ndugu mmoja ambaye kila asubuhi huandika "tuko pamoja". Kaa katika hatua hii kadiri uwezavyo, maana safari haitakuwa tamu hivi tena. Bahari ya kwenye picha haina jua la saa saba mchana wala mtu anayekudai. Siku ya mwisho ya kulipa ikifika, arobaini watakuwa kumi na mmoja. Huyu ana msiba, yule ada za watoto, wengine wanasoma ujumbe na kunyamaza. Wa "tuko pamoja" utamtafuta hata kwa simu usimpate.

Vitabu vya utalii vinasema utalii husimama juu ya mambo machache: kivutio, usafiri, malazi, huduma, na la kufanya ukishafika. Upande wa malazi waliosahaulika ni mashangazi. Watu wengi wa Dar wana shangazi Mwanakwerekwe, Unguja, au rafiki wa shangazi, na kwa hiyo huhesabu kwamba kulala ni bure. Kulala ni bure kweli. Utakachotoa ni kurudi kabla ya saa tatu usiku, kula sahani ya tatu ambayo hukuiomba, na kueleza mbele ya wajukuu kwa nini hadi leo hujaoa. Mwenye uwezo alipie hoteli.

Sasa usafiri. Boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili. Tiketi ikate dirishani kwa wenye boti na uwe na kitambulisho. Kijana anayekukimbilia nje ya geti akisema boti imejaa lakini yeye anazo mbili hajatumwa na mtu. Upepo wa kusi ukiwa umeshika, katikati ya mwaka, bahari ile si ya kwenye picha. Usinywe supu ya kongoro asubuhi hiyo, hata mwenzako akiapa kwamba ndiyo inayotuliza tumbo. Kaa chini, nyuma, karibu na dirisha, ukazie macho mahali bahari inapokutana na mbingu, na uachane na filamu inayooneshwa mbele. Wahudumu wataanza kupita na vifuko. Chukua bila aibu. Yule aliyewacheka wenzake bandarini ndiye atakayehitaji viwili.

Ukishuka Malindi utapokewa na mapapasi, vijana wanaowawinda watalii, kwa "Jambo!" Usijione umependelewa, jirani kwa jirani hawasalimiani hivyo. Ukimjibu "poa, kaka" atakutazama kwa huruma, kisha ataendelea kukutajia bei kwa dola. Kinachokuponza ni lile shati la maua ulilolinunua Kariakoo kwa ajili ya safari. Dawa ipo, na haina gharama: anza na salamu. Shikamoo kwa mzee aliyeketi barazani, Asalaam aleikum dukani, habari za asubuhi, habari za nyumbani, na bei iulizwe mwisho kabisa, kama vile imekupitia tu kichwani. Mtu wa Dar mwenye haraka hulipa haraka yake.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Humo utapotea, na ramani ya simu itapotea pamoja nawe. Tembea tu, mwisho utatokea baharini au Darajani. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Wenzako watajipanga mbele yake wakichekelea, na picha ikitoka wataonekana kama ndio waliolibomoa. Ng'ambo kidogo, kisiwani Changuu, utalipia boti ukaone gereza la miaka ya 1890 ambalo halikufunga wahalifu hata siku moja, likageuzwa karantini ya wagonjwa. Wenyeji wake leo ni kobe wa ukoo wa Seychelles, ambao umri wao umeandikwa kwa rangi migongoni. Usiwasimamie juu. Wapo waliokuwa wakitafuna majani hapo kabla babu yako hajatahiriwa.

Mkunazini nenda, lakini simu iwe mfukoni. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash kwa shinikizo la Waingereza, na kanisa la Anglikana likajengwa mahali palepale. Uani kuna kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998: sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kundi lina mtu ambaye atataka kushuka akae katikati yao apigwe picha. Mshike mkono. Hilo ndilo agizo pekee katika mwongozo huu ambalo halina mzaha.

Ziara ya viungo, Kizimbani au Kindichi, inahitaji moyo wa subira. Mwongozaji atachuma jani, atalisugua, atakupa unuse, kisha atasema "kisia". Ni mchaichai, uliokua nyuma ya jiko la bibi yako Muheza na ambao ulikuwa ukitumwa kuukata kila jioni. Umelipia kuunusa. Jifanye unafikiri, taja mdalasini, umfurahishe. Kazi yake ni ngumu na wageni wa kweli wako nyuma yako. Mwishoni utavikwa taji la ukuti na tai ya ukuti, na utatakiwa kutoa chochote. Ukitaka kumwonesha na wewe umesoma, mkumbushe kimbunga cha mwaka 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani wa karafuu tangu hapo. Atakuheshimu, ila taji utalivaa tu.

Pwani ndiko wengi wanakoumbuka. Wamelipia chumba cha kutazama bahari huko Paje au Jambiani, wakafika saa nane mchana, wakakuta bahari haipo. Maji yamekupwa. Mbele yao ni mchanga na mawe hadi kwenye miamba ya matumbawe, na akina mama wameinama katikati yake wakifunga mwani kwenye kamba. Hakuna wa kulalamikiwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huenda mbali zaidi na hurudi kwa nguvu zaidi; siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Anayetaka kuogelea wakati wowote aende Nungwi au Kendwa, kaskazini. Aliyekwama Jambiani avae viatu kwa sababu ya shokomzoba, yaani urchini wa miiba mirefu, na asikanyage kamba za watu. Lile ni shamba. Nguo ya kuogelea ibaki ufukweni, kijijini uvae kanga au suruali. Jioni, ukirudi mjini Forodhani, uliza bei kabla ya kunyoosha kidole. Ukishaonja, mazungumzo yamekwisha.

Kurudi sina la kusema. Watu wanalala.

Kabla ya kukumbuka kuna hatua ambayo mabwana wa 1966 hawakuiandika, nayo ni zawadi. Wote waliojitoa siku ya kulipa watarejea kundini Jumapili usiku wakiwa hai na wenye afya: "Mmetuletea nini?" Wa "tuko pamoja" atakuwa wa kwanza. Nunua halua, igawanye vipande vidogo, na pakiti ya karafuu kwa bosi. Zawadi zitakula zaidi ya chumba, hasa kwa aliyelala kwa shangazi.

Ndipo kukumbuka kuanze. Kufikia mwezi wa pili mawimbi yatakuwa yamepanda, bei zitakuwa zimeshuka, na aliyejaza vifuko viwili atakuwa ndiye aliyewatuliza abiria. Mwache, safari sasa ni yake. Hatari ni moja tu: kusimulia kantini akiwapo Mzanzibari. Atasikiliza kwa adabu hadi mwisho, atauliza halua ilikuwa ya Wete au ya wapi, kisha atauliza taratibu, "Na Pemba je, mlifika?" Sema mwakani, Mungu akipenda, na papo hapo muulize karafuu mwaka huu zimezaa vipi. Ataongea yeye mpaka muda wa chakula uishe.