Barua ya Wazi kwa Wizara ya Maliasili na Utalii: Kuhusu Wananchi Wanaotazama Jua Likichomoza Bila Kulipa

Kwa Wizara ya Maliasili na Utalii,
Dodoma.

YAH: PENGO LA MAPATO LINALOTOKANA NA MACHEO YA BURE

Wizara inastahili pongezi ambazo haijawahi kupewa ipasavyo. Katika orodha ya bidhaa ambazo Tanzania huwauzia wageni kwa fedha za kigeni, hakuna hata moja inayopatikana kwa gharama ndogo kama macheo: korosho sharti ipuliziwe salfa, kahawa sharti ichumwe kwa mkono, na dhahabu sharti ifuatwe chini ya ardhi, ilhali jua huchomoza lenyewe kila siku, halidai pembejeo wala halikwami bandarini. Kwamba bidhaa ya namna hiyo, ambayo tangu enzi za mababu iligawiwa bure kwa kila mwenye macho, sasa ina soko, bei na cheti, ni ushahidi wa ubunifu unaofaa kufundishwa katika vyuo vya biashara. Barua hii inaandikwa kwa nia njema ya kuikamilisha kazi hiyo, kwa kuwa uchunguzi unaonyesha kwamba bado lipo pengo la mapato ambalo halijazibwa.

Inafaa kwanza kukieleza chombo kinachotumika kuyauza macheo hayo, yaani baluni, kwa manufaa ya wasomaji ambao hawajakiona kwa karibu, nao ndio wengi. Baluni ya utalii ni puto kubwa la kitambaa cha nailoni ambalo chini yake hufungwa kikapu cha henzirani, kilichogawanywa vyumba vidogo vya kusimama abiria, aghalabu watu 12 hadi 16 pamoja na rubani. Saa kumi na moja alfajiri, wageni wakiwa bado wanapiga miayo ndani ya magari, vijana wa ardhini huwa wamekwisha kulitandaza puto juu ya nyasi zenye umande na kukilaza kikapu ubavu; wawili hushika mdomo wa kitambaa na kuutanua, feni ya injini hupuliza humo hewa baridi mpaka kitambaa kivimbe, kisha rubani huwasha kichomeo, yaani jiko kubwa la gesi ya mitungi linalotema ndimi za moto kuelekea tumboni mwa puto. Abiria huingia kikapuni wakiwa wamelala chali, magoti juu na mikono imeng'ang'ania vishikio, mkao ambao mtu mzima huukubali hospitalini tu, na hewa ikishapata moto wa kutosha kikapu husimama wima, na heshima yao ikarudi pamoja nacho.

Kanuni inayokinyanyua chombo hicho haina siri. Hewa ikipashwa moto hutanuka na kuwa nyepesi: katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 ina uzito wa takriban kilo 1.2, na ikifikishwa nyuzi 100 hubaki na takriban gramu 950, na ni tofauti hiyo ya robo kilo, ikizidishwa kwa maelfu ya mita za ujazo, inayowabeba abiria, kikapu, mitungi na kamera zote. Baluni haina usukani wala breki, kwa hiyo rubani huweza tu kupanda au kushuka akitafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka, na hulazimika kuruka alfajiri, kabla jua halijaichemsha ardhi na kuzusha mikondo ya hewa inayopanda na kukiyumbisha chombo. Hivyo macheo si pambo la safari bali ni sharti la usalama, na mgeni anapolipa huwa hanunui jua peke yake, bali hununua pia utulivu wa hewa, ambao nao haukutengenezwa na kampuni yoyote.

Bei inayotangazwa kwa safari hiyo ya saa moja hivi katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huzidi dola 500 za Kimarekani kwa abiria mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili, bila kuhesabu malazi. Ndani ya bei hiyo mna kifungua kinywa porini, juu ya meza yenye kitambaa cheupe iliyotandikwa chini ya mgunga, pamoja na glasi ya shampeni, yaani mvinyo wenye povu, ambayo hunywewa kwenye saa mbili asubuhi, saa ambayo mwananchi wa kawaida akionekana ameshika kileo huitiwa mjumbe wa nyumba kumi. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya darasa la nne, mtumishi huyo anaweza kupanda baluni baada ya kufanya kazi miezi miwili na nusu, mradi katika kipindi hicho asile, asilipe kodi ya nyumba, asipande daladala, na wanawe wakubali kuahirisha kukua.

Pengo la mapato lililotajwa mwanzoni linatokana na mtumishi huyo huyo na jirani zake. Mchungaji anayefungua zizi pembezoni mwa mji wa Mugumu, jirani na hifadhi, mama anayewasha kuni za chai na mwanafunzi anayewahi namba shuleni huliona jua lile lile, likitokea upeo ule ule na kwa wekundu ule ule, na upepo ukiwa upande wao huiona hata baluni kwa mbali, wote bila kukata tiketi. Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama, lakini ni dhahiri kwamba methali hiyo ilitungwa kabla ya kuja kwa mashine za stakabadhi za kielektroniki. Wizara inashauriwa basi kuanzisha kibali cha kutazama juu, kinacholipiwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kuyatoza ushuru madirisha yote yanayoelekea mashariki. Na kuwasajili majogoo wote wa wilaya zinazopakana na hifadhi, kwa kuwa wamekuwa wakitangaza mapambazuko kwa miaka mingi bila leseni ya kuongoza watalii.

Hata hivyo, suala la majogoo linahitaji tahadhari, kwani historia inaonyesha kwamba ndege huyo ana haki za angani zilizotangulia za binadamu. Mnamo tarehe 19 Septemba 1783, mbele ya Mfalme Louis XVI wa Ufaransa, mmoja wa ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier alirusha baluni ya hewa moto kutoka kasri la Versailles ikiwa na abiria watatu, ambao ni kondoo, bata na jogoo. Wote walitua salama, na kondoo akapewa makao katika bustani ya wanyama ya kifalme. Ilipofika zamu ya binadamu, mfalme alipendekeza wapelekwe wafungwa waliohukumiwa kifo, mpaka Mfaransa aitwaye Pilâtre de Rozier alipodai kwamba heshima hiyo haifai kuachiwa wahalifu, na tarehe 21 Novemba mwaka huo akaruka yeye mwenyewe juu ya Paris pamoja na Marquis d'Arlandes. Mtafiti makini hawezi kukwepa hitimisho linalofuata: katika miezi michache ya mwaka 1783, utawala wa kifalme usiochaguliwa na mtu ulikwisha kumrusha kondoo, bata na jogoo bila nauli, na kuwafikiria hata wafungwa, ilhali mwalimu wa shule ya msingi ya Wilaya ya Serengeti bado anasubiri kufikiriwa.

Anga ya Afrika Mashariki nayo ina historia ndefu ya kutazamwa na wengine. Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ambayo ndani yake Waingereza wanaanzia Zanzibar na kuvuka bara lote kwa baluni, naye hakuwa amekanyaga Zanzibar wala bara lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, kutoka Ujerumani, waliruka juu ya Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia wakihesabu wanyama, kazi iliyomgharimu Michael maisha yake Januari 1959. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa ndio kwanza imepata uhuru, Mwingereza Anthony Smith aliondoka Zanzibar kwa baluni ya haidrojeni iliyopewa jina la Jambo, akaingia bara. Na mwaka 1976 mtengenezaji wa filamu Alan Root alianzisha safari za kibiashara za baluni katika Maasai Mara, nchini Kenya, kabla ya biashara hiyo kuvuka mpaka na kuingia Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1980. Watu hao waliifanyia nchi mengi ambayo hayapaswi kubezwa, lakini yafaa kukumbuka kwamba wanyama wa Serengeti walihesabiwa kutoka angani kabla wenyeji wao hawajapata nafasi ya kuwaona kutoka huko.

Wenyeji hao, kwa upande wao, walikwisha kulipa malipo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo lolote la safari. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro. Miaka miwili baadaye, Septemba 1961, Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha, lisilopaswa kuchanganywa na Azimio la Arusha la 1967, akiahidi kwa niaba ya serikali kwamba wanyamapori na makazi yao watatunzwa ili wajukuu wa taifa nao waurithi utajiri huo. Wizara inaarifiwa kwa heshima kwamba wajukuu waliotajwa wamekwisha kuzaliwa, wana vitambulisho vya NIDA, na baadhi yao wameanza kupata wajukuu wao.

Inatarajiwa kwamba Wizara itajibu kwa hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba baluni ni chombo cha gharama: kitambaa, vichomeo na mafunzo ya marubani havipatikani kwa bei ya kutupa, bima ni ghali, na fedha za wageni ndizo zinazolinda hifadhi. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo hufupishwa na wahenga kwa kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Ila wahenga hawakusema kwamba mwenyeji atapona kwa kumtazama mgeni akila. Hoja ya pili ni kwamba soko ndilo linalopanga bei. Hapa Wizara inapingwa na lango lake yenyewe, kwa kuwa katika kuingia hifadhini mgeni hulipa makumi ya dola na raia hulipa shilingi zinazohesabika kwa maelfu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba tofauti hiyo imeliua soko. Lango linamtambua raia, lakini akishalipita na kufika kinapolazwa ubavu kikapu cha henzirani, utambuzi huo humalizika. Kama ipo kampuni inayompunguzia mkaazi, hiyo ni hisani yake, na hisani huisha msimu ukichanganya.

Kwa upande wa fizikia hakuna kizuizi kinachojulikana. Raia mwenye uzito wa kilo 75 hunyanyuliwa na takriban mita 300 za ujazo za hewa ya moto katika usawa wa bahari, na kwa kuwa nyanda za Serengeti ziko juu zaidi na hewa yake ni hafifu, ataongezewa kidogo. Hewa yenyewe haijawahi kuonekana ikimwomba abiria pasipoti. Wa kwanza kuthibitisha hilo ni vijana wa ardhini, ambao kila alfajiri huning'inia ukingoni mwa kikapu ili uzito wao ukizuie kisiondoke kabla ya wakati. Rubani akitoa amri huachia wote kwa pamoja, kikapu hupanda, nao hukimbilia magari na kuifuata baluni porini kwa kuiangalia angani, ili waikunje, waikaze katika mfuko wake na kuipakia garini wakati wageni wanakabidhiwa vyeti vya kuthibitisha kwamba wameruka. Uzito wa raia, kwa maneno mengine, umekwisha kukubalika katika sekta hii, ila kama kitu cha kushikilia chini.

Baada ya kuyaeleza hayo, barua hii inayaondoa mapendekezo yake ya awali kuhusu madirisha na majogoo, na kuweka mahali pake ombi moja. Kwa kuwa shughuli za kitalii ndani ya hifadhi za taifa hufanyika kwa ruhusa ya shirika lililo chini ya Wizara, masharti ya ruhusa hizo yaongezwe kifungu kinachotenga nafasi moja katika kila kikapu, katika kila safari, kwa ajili ya raia anayelipa kwa shilingi kwa kiwango kinacholingana na kile cha langoni. Nafasi za kwanza wapewe wanafunzi na walimu wa shule za vijiji vinavyopakana na hifadhi, wakifuatiwa na vijana wa ardhini, ambao tayari wanajua kila kitu kuhusu baluni isipokuwa jinsi Serengeti inavyoonekana kutoka ndani yake. Nafasi moja kati ya 16 haitamfilisi mwekezaji yeyote, na Wizara ina mamlaka ya kuiagiza bila kusubiri sheria mpya. Kama kondoo wa Versailles alistahili kuruka bila nauli, raia wa Tanzania anastahili kuruka kwa nauli anayoimudu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi mlipa kodi, kwa niaba ya waliobaki chini.