Nani Alikula Dakika za Mama?

Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa wa zama za Kamuzu Banda. Kwa hiyo hapa Dowa, Malawi, suala la nani aingie na nani abaki nje halikuanza na sisi vijana wa kibanda cha Wi-Fi. Sisi tulijitwisha kipande kidogo tu: ukinunua vocha ya saa moja, mlango wa intaneti unafunguka, saa ikiisha, unafungwa. Bawabu wetu ni Raspberry Pi, kikompyuta kinachoenea kiganjani, na anatakiwa kujua jambo moja: huyu ana vocha, na inaisha lini?

Tatizo likawa kumbukumbu hizo ziwekwe wapi. Ghafla kila mtu akawa mhandisi.

Wa kwanza alitaka hifadhidata ya PostgreSQL, tena mashine mbili, moja ikifa nyingine ishike usukani. Tukamkumbusha kwamba zote mbili zitachomekwa kwenye soketi ileile. Wa pili akaisifia Redis, kwamba inaweka mambo kichwani, inajibu chapuchapu, na diskini inaandika kwa vipindi. Wadaiwa waliokuwa wakisikiliza dirishani wakamuunga mkono kwa kauli moja: mashine inayoweza kusahau dakika za mwisho magetsi, yaani umeme, yakikatika, hiyo ndiyo mashine ya wananchi. Wa tatu akasema tuweke kila kitu kwenye wingu. Sawa, lakini bawabu angelazimika kuingia intaneti kwanza ili aulize kama wewe unaruhusiwa kuingia intaneti.

Tukaangukia SQLite, iliyotolewa na Richard Hipp mwaka 2000. Haihitaji sava, data yote inakaa kwenye faili moja. Na kila badiliko ama linaandikwa lote, ama haliandikwi kabisa, hata magetsi yakikatika katikati. Hilo ni jambo kubwa katika nchi inayotegemea mto Shire kwa umeme wake mwingi. Januari 2022 dhoruba Ana ilipobomoa bwawa la kituo cha umeme cha Kapichira, mgao ulituzoesha giza hata mchana.

Lakini faili halikai hewani. Mwenzetu akapanda matola hadi Lilongwe, akarudi na memori kadi yenye maandishi mazuri sana: GB 128. Tukaijaza kwa majaribio. Ikameza kila kitu kwa adabu, bila kulalamika, na tulipoomba vitu vyetu, vyote vilivyozidi GB 8 vilirudi takataka. Muuzaji alikuwa ametuuzia maandishi.

Kadi ya kweli ilipopatikana, tukajua sasa tumemaliza. Kumbe Raspberry yetu haina betri ya saa. Magetsi yakikatika, saa yake inasimama. Yakirudi, inaendelea pale ilipolala mpaka iulize intaneti ni saa ngapi.

Alasiri moja mama mmoja alinunua vocha saa nane kamili. Saa nane na dakika kumi magetsi yakaenda. Yaliporudi saa kumi na moja, bawabu aliamka akiamini bado ni saa nane na dakika kumi, akamfungulia. Mama akampata bintiye wa Bukavu kwa video. Hawajamaliza hata salamu, bawabu akaletewa saa ya kweli, akaona vocha imekufa tangu saa tisa, akafunga mlango. Binti akaganda kwenye kioo, mdomo wazi.

Mama akaja dirishani.

“Papa, mi nililipa saa moja. Nimetumikisha dakika kumi. Zile zingine, ni nani alizikula?”

Wa PostgreSQL akaanza kumweleza kuhusu safu inayoitwa “mwisho wa muda”.

“Basi usiandike mwisho,” mama akamkata. “Andika dakika zenye zimebaki.”

Kimya kikatanda kibandani. Tulikuwa tumegombania kabati wiki nzima, wala hakuna aliyeuliza ndani yake tutaweka nini. Jioni hiyohiyo tukafuta “mwisho wa muda”, tukaweka “dakika zilizobaki”, inayopunguzwa na kuandikwa upya kila dakika mteja anapokuwa ndani. Magetsi yakikatika, kinachopotea hakizidi dakika moja.

Tukamwita mama tumpe habari njema na dakika zake hamsini.

“Na ile dakika moja,” akauliza, “ni ya nani?”

Tukafungua programu tena. Siku hizi dakika inayokatwa na magetsi inalipwa na kibanda.